Mawimbi ndani ya mvua ya Ukambani

Kituo cha hali ya hewa cha Makindu, kando ya reli na barabara kuu ya Mombasa, hufuata utaratibu uleule wa vituo vyote nchini Kenya. Saa tatu asubuhi kipima mvua hufunguliwa, maji yaliyokusanyika tangu jana yake humiminwa kwenye glasi yenye mistari, na kiasi chake huandikwa daftarini kwa milimita na sehemu za kumi za milimita. Siku isiyonyesha nayo huandikwa. Katika Makueni na Kitui, huku Ukambani, sufuri ni nyingi mno, kisha ghafla zinakuja tarakimu kubwa za Novemba.

Madaftari ya aina hii ndiyo yaliyowawezesha wanasayansi kuuliza swali ambalo wakulima wa Ukambani walikuwa nalo tangu zamani: je, mvua ina mpigo wake, na ukame unarudi kwa zamu?

Kabla ya vipima mvua, Wakamba walihifadhi historia hiyo kwa majina ya njaa. Ngomanisye ni ile ya mwisho wa karne ya 19, reli ilipokuwa ikijengwa kuelekea Nairobi. Atta ni ya 1965, wakati wa unga wa msaada. Nikw'a Ngwete ni ya 1984, mtu alipokufa njaa akiwa na pesa mkononi kwa kuwa chakula cha kununua hakikuwepo. Ni kumbukumbu nzito, na ni takwimu pia, kwa kuwa kila jina lina mwaka wake. Lakini ukitoa mwaka mmoja katika mwingine ili ujue njaa ijayo itaangukia lini, hupati kitu. Nafasi kati yake hazilingani.

Chombo cha kuchunguza nafasi hizo kilitoka mbali na kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1807 Joseph Fourier, aliyewahi kwenda Misri na Napoleon, aliwasilisha mjini Paris hesabu zake kuhusu namna joto linavyosafiri ndani ya vitu. Alidai kwamba mchoro wowote, hata wenye kona na miruko, unaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini ya kasi mbalimbali. Lagrange, bingwa wa hisabati wa zama hizo, alipinga. Kitabu cha Fourier kilitoka 1822, na leo simu, redio, picha za hospitali na vipima matetemeko vyote vinategemea wazo hilo. Aliyesikia ngoma za kilumi kutoka kilima cha pili husikia mvumo mmoja. Mwenye sikio la ngoma hutenganisha ngoma kubwa na ndogo na kujua kila moja inapigwa mara ngapi. Fourier aliigeuza kazi ya sikio hilo kuwa hesabu.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Chukua wastani wa mvua ya kila mwezi mjini Kitui, Januari hadi Desemba: tarakimu 12. Chora wimbi linalopanda na kushuka mara 2 kwa mwaka, kilele chake kikiwa kati ya Aprili na Mei, kisha kati ya Oktoba na Novemba. Zidisha mvua ya kila mwezi kwa kimo cha wimbi mwezi huo, kisha ujumlishe. Aprili na Novemba zinakaa karibu na vilele, kwa hiyo zinaongeza sana. Julai na Agosti zinakaa bondeni ambako zingepunguza, lakini ni kavu na hazina cha kupunguza. Jumla inatoka kubwa. Rudia kwa wimbi la mara 1 kwa mwaka: Aprili ikiwa juu, Novemba iko karibu na chini, zinafutana, na jumla inanywea. Fanya hivyo kwa Songea, kusini mwa Tanzania, yenye msimu mmoja wa mvua, na mambo yanageuka: wimbi la mara 1 ndilo linalotawala. Tarakimu hazikuambiwa habari za masika wala vuli, lakini zimezitaja zenyewe.

Misimu 2 kila mtu anaijua. Kazi ngumu ni kutafuta midundo mirefu, ya miaka, na hapo ndipo wengi walipopotea. Arthur Schuster, mwanafizikia wa Manchester, aliona mwishoni mwa karne ya 19 kwamba watu walikuwa wakiokota mizunguko ya kila namna katika matetemeko na hali ya hewa. Mwaka 1898 alitoa njia ya kupima nguvu ya kila wimbi na kuuliza kama inazidi ile ambayo bahati nasibu peke yake ingeweza kuzalisha. Kwangu mimi huo ndio moyo wa historia hii, kwa sababu onyo lake lilihitajika hapa kwetu mapema. Mwaka 1923 C.E.P. Brooks alionyesha kwamba kina cha Ziwa Victoria kilipanda na kushuka pamoja na madoa ya jua, yenye mzunguko wa takriban miaka 11. Kwa miaka aliyokuwa nayo ulinganifu ulikuwa wa kuvutia. Miaka iliyofuata ulivunjika. Mizunguko 2 au 3 haitoshi kuwa ushahidi, na mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961, zilizoliinua ziwa hilo kwa zaidi ya mita 2, hazikungoja madoa ya jua.

Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Waingereza ilianza 1929 chini ya Albert Walter, na vipimo vikaendelea kurundikana. Kilichokosekana ni kasi ya kuhesabu. Kwa njia ya kawaida, orodha ya vipimo 1,024 inadai kuzidisha zaidi ya mara milioni 1. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey, Marekani, walichapisha mkato unaofanya kazi hiyohiyo kwa takriban hatua 10,000. Msukumo mmoja nyuma yake ulikuwa haja ya kutambua majaribio ya nyuklia ya Kisovieti kwa mitikisiko ya ardhi.

Baada ya miaka 11 uchambuzi wa mawimbi ukafika kwenye mvua yetu. Henning Rodhe na Hassan Virji walichambua rekodi za Afrika Mashariki, na katika makala yao ya 1976 waliripoti vilele kwenye miaka 2 hadi 2.5, 3.5, na 5 hadi 5.5. Laban Ogallo wa Chuo Kikuu cha Nairobi alifuata 1979 kwa uchunguzi wa bara zima. Mdundo wa miaka 2 na ushei unakaribia ule wa pepo za anga ya juu ya ikweta, zinazogeuka kila miezi 28 hivi. Ule wa miaka 5 unaelekea kwenye El Niño. Ogallo hakuishia kwenye makala. Aliongoza kituo cha kufuatilia ukame kilichoanzishwa Nairobi 1989, ambacho leo ni ICPAC.

Hata hivyo, rekodi ya miaka 60 ina nafasi ya mizunguko 12 tu ya miaka 5, na mizunguko hiyo hainyooki: mmoja una miaka 3, mwingine 7. Anayemwambia mkulima wa Mwingi kwamba ukame utarudi mwaka fulani kwa sababu ya hesabu hizi anamdanganya. Walichopata akina Ogallo ni anwani. Mawimbi yalionyesha pa kutafuta chanzo, nacho kilikuwa baharini. Charles Mutai na wenzake walionyesha 1998 jinsi joto la bahari linavyoweza kutumika kutabiri mvua ya vuli. Mwaka 1999 Saji na wenzake wakaeleza mbembeo wa joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi, na mvua kubwa za 1961 na 1997 zikapata maelezo. Hapo Ukambani ina bahati ambayo haitajwi vya kutosha: vuli, msimu ambao wakulima wake wanautegemea zaidi, ndiyo inayotabirika vizuri kuliko masika.

Wimbi linalonigusa zaidi ni fupi. Mwaka 1971 Roland Madden na Paul Julian walipitisha kwenye mkato wa Cooley na Tukey karibu miaka 10 ya vipimo vya upepo vya kisiwa cha Canton, Pasifiki, wakakuta kilele kisichotarajiwa kwenye siku 40 hadi 50. Ni mkanda wa mawingu unaosafiri kuelekea mashariki kandokando ya ikweta, na unapopita Bahari ya Hindi hubadilisha mvua ya Kenya, ingawa nyanda za juu na pwani haziipati kwa wakati mmoja. Ukambani imekaa katikati ya pande hizo mbili.

Kwa mkulima wa Ukambani wimbi fupi kama hilo lina uzito: ndengu hukomaa kwa siku 60 hadi 70. Zikipandwa mwishoni mwa Oktoba, maua yake hutoka mwanzoni mwa Desemba, na mapengo ya mvua wiki hizo huweza kumaliza mavuno hata kama jumla ya msimu itaandikwa kuwa ya kawaida. Utabiri wa msimu, unaotolewa kwa nafasi 3 (juu ya wastani, karibu na wastani, chini ya wastani), hausemi lolote kuhusu pengo hilo. Wimbi la Madden na Julian linaweza kulionyesha wiki 2 au 3 kabla, na ndiyo maana utabiri wa wiki kwa wiki unaotolewa sasa na ICPAC unastahili kufika kwa kila afisa wa kilimo wa wadi, Kitui na Makueni, kabla maua hayajafunguka.