Uongozi Usioacha Chaki: Mwalimu, Cheo na Darasa katika Historia ya Kiswahili



1.0 Utangulizi

Katika shule za msingi za Tanzania, mtu anayeiongoza shule huitwa mwalimu mkuu. Katika shule za sekondari za nchi hiyohiyo, mwenye kazi kama hiyo huitwa mkuu wa shule. Wengi wetu tumeyatamka majina haya mawili maisha yetu yote bila kuyatazama. Mwanaisimu hana budi kuyatazama. Katika kirai cha kwanza, neno kuu ni mwalimu, na mkuu ni kivumishi chake: huyu ni mwalimu kama wenziwe, ila amewazidi dhamana. Katika kirai cha pili, kivumishi kimegeuka nomino na kushika nafasi ya mbele, shule imefuata nyuma yake, na mwalimu hayumo tena.

Sidai kwamba waliotunga majina hayo walikusudia maana hiyo. Wapo wakuu wa shule wanaofundisha kila siku, na wapo walimu wakuu ambao hawajashika chaki kwa miaka. Aidha, nchini Kenya jina la mwalimu mkuu hutumika hata katika sekondari. Hata hivyo, majina haya yanatusaidia kuliuliza swali la mhadhara huu: je, mwalimu anaweza kupokea uongozi huku akibaki darasani, au kila ngazi anayopanda humwondoa mbele ya wanafunzi wake? Nitalijibu kwa njia ya historia, nikianzia pwani, kisha ofisi ya kikoloni, kisha miaka ya elimu ya watu wazima, na kumalizia kwa neno kiongozi lenyewe.

2.0 Mwalimu na mwanachuoni

Neno mwalimu limetokana na neno la Kiarabu muallim, lenye mzizi mmoja na elimu na taaluma. Lilipoingia katika Kiswahili, silabi yake ya mwanzo ilifasiriwa kuwa kiambishi cha ngeli ya watu, nalo likapata wingi wa walimu kama kwamba lilizaliwa humu. Pwani, hususan Zanzibar, umbo la maalim lilibaki kama lakabu ya heshima. Marehemu Seif Sharif Hamad, aliyefariki mwaka 2021, alifundisha sekondari kabla ya kuingia katika siasa. Akashika nyadhifa kubwa za serikali na za chama, lakini umma ulimwita Maalim mpaka siku ya mwisho.

Neno chuo nalo lina safari yake. Katika Kiswahili cha kale lilimaanisha kitabu. Baadaye likawa mahali pa kusomea kitabu, yaani chuo cha Kurani, na leo ni taasisi ya elimu ya juu kama hii tuliyomo. Kutokana na neno hilo tukapata mwanachuoni: mtu ambaye watu humwendea kwa hukumu, ushauri na uongozi. Zingatieni kwamba jina hili la uongozi limejengwa juu ya mahali pa kusomea. Halikujengwa juu ya baraza wala ofisi.

Historia inaafikiana na lugha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alizaliwa mwaka 1891. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Alikuwa Kadhi wa Mombasa, na kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hizo ni kazi mbili nzito, ya mhariri na ya hakimu, na bado aliendelea kusomesha. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu.

Mfano wa pili ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1912. Alianza kazi kama mwalimu wa shule, akawa mkaguzi, akawa Kadhi wa Zanzibar, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akahamia Kenya kuwa Kadhi Mkuu. Tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969. Pamoja na madaraka hayo yote, hakuacha kukaa msikitini kudarsisha watu wa kila rika.

Darsa hii ndiyo kiini cha hoja yangu katika sehemu hii. Kadhi hakuwa na sharti la kisheria la kudarsisha. Alidarsisha kwa sababu heshima iliyomfikisha kwenye ukadhi ilitoka katika darsa, na angeiacha, watu wangeuliza elimu yake imekwenda wapi. Hali kadhalika kwa kungwi katika unyago: mamlaka yake yamo katika kufunda kwenyewe. Kungwi asiyefunda mwari amebaki na jina tu.

3.0 Ofisi ya kikoloni

Utawala wa kikoloni ulileta utaratibu mwingine. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Shule hiyo ilitoa walimu, lakini ilitoa pia makarani na maakida, na kijana aliyesoma aliona wazi kuwa njia ya cheo inaelekea bomani. Shuleni hapo ndipo lilipochapwa, mwanzoni mwa karne ya 20, gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Kwa muda fulani, basi, shule ilikuwa mahali pa kufundishia na mahali pa kuusemesha umma. Chini ya Waingereza ngazi zilipangwa waziwazi: mwalimu, mwalimu mkuu, mkaguzi, afisa elimu. Kila ngazi iliongeza mshahara na kupunguza vipindi, mpaka juu kabisa ambako hapakuwa na kipindi hata kimoja.

Hapo ndipo tunapokutana na kisa kinachojulikana kuliko vyote. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, akaenda Edinburgh, na aliporejea alifundisha Pugu, katika shule ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Siku za kazi alifundisha. Mwisho wa wiki alishika njia ya Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 20 hivi, kwenda kukutana na wenzake wa chama.

Mwaka huohuo wa 1953 serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Nyerere alikuwa mwalimu wa misheni, lakini shule za misheni zilitegemea ruzuku ya serikali. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi alitakiwa achague, naye akajiuzulu ualimu.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa siasa, na ni kweli kwamba bila uamuzi ule historia ya Tanganyika ingekuwa nyingine. Mimi naomba tukitazame pia kama hasara ya darasa. Mtu yule hakuchoka kufundisha. Alipenda kusema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, na siasa ilimjia tu. Baada ya kujiuzulu alirudi kwao Butiama, na huko akamfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll. Kisha akiwa Rais alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Julius Caesar na Mabepari wa Venisi, kazi ambayo wanafunzi wa Kiswahili wamenufaika nayo hadi leo. Taifa lilipomwita Mwalimu, lilimrudishia kwa lugha kile alichonyang'anywa na kanuni.

4.0 Walimu wa kisomo

Baada ya uhuru mlango ulifunguka upande mwingine. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata ikaanza kampeni ya kufuta ujinga katika wilaya 6, zikiwamo Mafia na Ukerewe. Kisha Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaamua kuwa watoto wote waingie shule ifikapo mwaka 1977. Walimu waliohitajika hawakuwapo vyuoni. Ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafundishe sehemu ya siku na kujifunza ualimu sehemu nyingine ya siku, kwa masomo ya posta na redio, chini ya uangalizi wa wakufunzi na walimu wenye uzoefu.

Mtazameni mwalimu wa kijijini wa miaka ile. Asubuhi alikuwa na darasa lake la watoto. Mchana alimwelekeza kijana anayejifunza ualimu. Jioni alikuwa na watu wazima wa kisomo, ambao baadhi yao walikuwa wajumbe wa serikali ya kijiji waliomwongoza yeye mchana. Aliandika barua za kijiji, alisoma gazeti kwa sauti, alieleza maana ya maneno mapya ya redioni. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa takriban asilimia 67 mwaka 1967, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa chini ya asilimia 10. Watafiti wamezijadili takwimu hizi, na inajulikana kuwa ubora wa mafunzo uliathirika kwa haraka ile. Lakini hakuna anayebisha kwamba Kiswahili sanifu kilifika vijijini kwa mdomo wa watu hawa, na kwamba kazi hiyo ya uongozi waliifanya bila kupewa ofisi.

Hata leo Kiswahili cha shuleni kinahifadhi alama ya uongozi wa aina hiyo: mwalimu wa zamu, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa michezo. Katika kila jina dhamana imeongezwa, na mwalimu amebaki mbele.

5.0 Mzigo wa kirangozi

Nifikie sasa neno kiongozi. Katika misafara ya karne ya 19 kati ya bara na pwani, aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi au kirongozi. Umbo la kiongozi limepoteza konsonanti kati ya irabu, jambo la kawaida katika historia ya lugha hii, kama tunavyosema fungua pale ambapo lugha jirani husema fungula. Kirangozi alitoka miongoni mwa wapagazi. Alijua njia, maji na mahali pa kulala, na alivaa kilemba au manyoya yaliyomtambulisha kutoka mbali. Naye alibeba mzigo. Ulikuwa mwepesi kuliko wa wenziwe, kwa kuwa kazi ya kuongoza ilihesabiwa kuwa mzigo, lakini hakutembea mikono mitupu.

Naona katika desturi hii jibu lililo bora kuliko mengi tunayoyasoma katika nyaraka za elimu. Wanaosema kiongozi wa shule hawezi kufundisha wana hoja ya kweli. Mwalimu mkuu huitwa wilayani bila taarifa, hupokea wazazi, husimamia ujenzi na fedha. Akipangiwa vipindi 20, wanafunzi wake ndio watakaokaa bila mwalimu, na hiyo ni dhuluma. Lakini kutoka vipindi 20 hadi sifuri pana nafasi kubwa. Vipindi vinne kwa wiki, vyenye saa zisizoguswa na kikao chochote, ni mzigo wa kirangozi.

Naomba niseme hili kwa toba. Nilipokabidhiwa kuongoza idara, jambo la kwanza nililoliacha lilikuwa kozi ya fonolojia ya mwaka wa kwanza. Nilijiambia kuwa ni kwa muhula mmoja. Ikawa miaka sita. Katika miaka hiyo nilisaini mabadiliko mawili ya mtaala wa kozi hiyohiyo. Niliporudi darasani nilikuta wanafunzi hawaielewi sehemu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeiidhinisha, na kijana mmoja aliniuliza kwa adabu nani aliyepanga mada kwa mfuatano ule. Nilimjibu kuwa ni mimi. Laiti ningekuwa na vipindi viwili tu kwa wiki, ningeliona kosa hilo mwaka wa kwanza, na wanafunzi wa miaka mitano wasingelilipia.

6.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, katika utamaduni wa pwani uongozi ulichipuka katika kufundisha na haukukatwa nako. Pili, ngazi ya vyeo inayomtoa mwalimu darasani ni urithi wa utaratibu fulani wa kiofisi wenye historia yake. Si sheria ya maumbile. Tatu, walimu wa kisomo walithibitisha kuwa mtu anaweza kuongoza jamii yake akiwa bado na vumbi la chaki mikononi, ingawa walibeba zaidi ya haki yao.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka ya kupanga vyeo waweke njia ambayo mwalimu bora anaweza kupanda daraja na mshahara bila kulazimika kuliaga darasa, na wapunguze mzigo wa anayeongoza bila kumvua wote. Nanyi vijana mtakaotoka hapa kwenda kufundisha Kiswahili, wengi wenu mtaitwa wakuu siku moja. Siku hiyo ikifika, kabla ya kupokea funguo za ofisi, ombeni kwanza ratiba ya vipindi, na mwandike jina lenu humo.