Maambukizi ya sikio yanayojirudia kwa mbwa
Ni uvimbe wa njia ya sikio la nje unaopona kisha kurejea. Njia ya sikio la mbwa hushuka, halafu hukata kona kuelekea ndani, hivyo unyevu na nta hukwama. Kuvu aina ya Malassezia pachydermatis huacha uchafu wa kahawia wenye harufu kali. Mbwa hutikisa kichwa na kujikuna. Lakini chanzo chenyewe mara nyingi ni mzio, na usiposhughulikiwa, matone ya dawa hutuliza kwa muda tu. Daktari wa mifugo hukagua kiwambo cha sikio, hupaka uchafu kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini, ndipo huchagua dawa. Njia iliyoziba kabisa huenda ikahitaji upasuaji wa kuiondoa. Usikatishe dawa eti harufu imeisha. Mrudishe mbwa akaguliwe tena.