Saudi Arabia: Ufalme uliorithiwa na ndugu kabla ya wana

Mfalme Abdulaziz bin Abdulrahman, aliyeutangaza ufalme wa Saudi Arabia Septemba 23, 1932, alifariki dunia Novemba 9, 1953 akiacha makumi ya wana wa kiume. Wafalme wote sita waliomfuata, Saud, Faisal, Khalid, Fahd, Abdullah na Salman, ni wana wake. Kiti kimepita kutoka kwa ndugu hadi ndugu.

Utaratibu huo si wa Waarabu peke yao. Huko Poland, mtawala Bolesław wa Tatu aliagiza mwaka 1138 kwamba mkubwa wa ukoo ndiye ashike Kraków na kuwa juu ya nduguze. Miaka minane baadaye nduguze hao walimfukuza nchini mkubwa mwenyewe. Wala msomaji wa pwani yetu hahitaji kwenda mbali hivyo. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, Zanzibar ilitawaliwa na wanawe wanne kwa kupokezana: Majid, Barghash, Khalifa na Ali. Zamu ya ndugu ilipokwisha ndipo wajukuu walipogombana, na Agosti 1896 mizinga ya Waingereza ikaliangukia kasri la Khalid bin Barghash.

Mjini Riyadh mambo hayakufika huko, ingawa hayakuwa shwari. Saud alivutana na mdogo wake Faisal kwa miaka mingi, mpaka wakuu wa ukoo na maulamaa wakamwondoa Novemba 2, 1964. Alifia ugenini, Athens, mwaka 1969. Faisal naye alipigwa risasi na mtoto wa ndugu yake mjini Riyadh Machi 25, 1975.

Umri, hata hivyo, haukuwa kigezo pekee. Mwaka 1965 Khalid aliteuliwa mrithi huku kaka yake wa baba na mama, Muhammad, akipitwa. Uzito wa mama nao ulihesabika: Fahd, Sultan, Nayef na Salman ni miongoni mwa ndugu saba waliozaliwa na Hussa bint Ahmad al-Sudairi, na kundi hilo lilishika wizara nzito kwa miongo kadhaa.

Ila kanuni ya ndugu ina kasoro isiyoepukika, nayo ni kwamba ndugu huzeeka pamoja. Mfalme Abdullah, aliyeingia Agosti 2005, alizika warithi wawili, Sultan mwaka 2011 na Nayef mwaka 2012. Yeye mwenyewe alifariki Januari 23, 2015, akazikwa katika makaburi ya al-Oud, Riyadh, bila jina juu ya kaburi, kama ilivyo desturi ya wafalme hao.

Alikuwa ameunda Baraza la Bai'a mwaka 2006 ili ukoo uteue mrithi kwa mashauriano. Salman hakungoja sana. Aprili 2015 alimwondoa mdogo wake Muqrin, akampa nafasi mwana wa ndugu yake, Muhammad bin Nayef. Juni 2017 huyu naye aliondolewa, na wajumbe 31 kati ya 34 wa Baraza wakamkubali Mohammed bin Salman, mwana wa mfalme, aliyekuwa na umri wa miaka 31. Septemba 2022 aliongezewa uwaziri mkuu.

Wana wa Afrika Mashariki wanaoijua Jeddah, bandari ya mahujaji na mji alikofia Idi Amin mwaka 2003, watakumbuka kwamba serikali huhamia huko wakati wa joto. Amri nyingi za kifalme hutiwa saini katika kasri lake la al-Salam, na mageuzi haya yanawahusu pia wageni wanaoishi humo.

Jambo moja halikupewa uzito unaostahili. Marekebisho ya 2017 ya Sheria ya Msingi yanasema kwamba, baada ya wana wa Abdulaziz, mfalme na mrithi wake wasitoke katika tawi moja la ukoo. Kwa maandishi hayo, Mohammed akiwa mfalme hawezi kumteua mwanawe wala nduguye. Oman, kinyume chake, iliandika Januari 2021 kwamba kiti huenda kwa mwana mkubwa wa Sultani. Tangu 2017, Riyadh haijatangaza naibu wa mrithi.