Hali ya Hewa ya Moto, au ya Kuchochea Moto?

Katika taarifa za Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani kuna istilahi ya maneno mawili tu, "fire weather", ambayo mfasiri wa Kiswahili huiona nyepesi. Moto ni moto, hali ya hewa ni hali ya hewa, kwa hiyo anaandika "hali ya hewa ya moto" na kuendelea na kazi. Tafsiri hiyo inaweza kumponza mtu. Chai ya moto, maji ya moto, hewa ya moto: vyote kwetu ni habari ya joto. Msikilizaji ataelewa kwamba kesho jua litawaka sana, basi.

Sasa mfikirie mzaliwa wa Uvira au wa Bujumbura anayeishi Fargo, North Dakota, au Sioux Falls, South Dakota, miji iliyopokea wakimbizi wengi kutoka Congo na Burundi. Ni mwisho wa Machi. Theluji imeyeyuka majuzi, kipimajoto kinasoma nyuzi 15, na yeye bado anavaa koti. Akiambiwa kuna hali ya hewa ya moto ataona watabiri wamekosea, ilhali hiyo ndiyo siku ambayo cheche moja inaweza kuteketeza maili kadhaa za nyika kabla ya jioni.

Msimu wenyewe nao una mtego. Wapo wanaouita masika, kwa sababu tu unakuja baada ya baridi. Masika yetu ni mvua na matope. Kule nyanda za kaskazini, katika Dakota zote mbili, mashariki ya Montana na Nebraska, mwanzo wa machipuko ni kipindi ambacho nyasi za mwaka uliopita zimesimama zikiwa zimekufa, rangi ya mkate, na mpya hazijachomoza. Ardhi inaweza kuwa na unyevu chini, hata vibonge vya theluji vikabaki kwenye mitaro, na bado nyasi zikashika moto. Unyasi mkavu ni mwembamba mno, hauna pa kuhifadhi maji. Wazimamoto wa Marekani huweka vitu vikavu vyenye unene usiofika milimita 6 katika kundi la "saa moja", yaani ndani ya muda wa saa moja hivi hufuata hali ya hewa inayovizunguka. Hewa ikikauka saa tano asubuhi, saa saba mchana nyasi ni kiberiti.

Hapo tunafika kwenye kipimo ambacho taarifa za Idara hukitaja kila mara, na ambacho kwa Kiswahili tunakiita unyevunyevu tu. Asilimia 20 ya nini? Si kwamba sehemu 20 katika 100 za hewa ni maji. Ni ulinganisho: mvuke uliopo hewani dhidi ya mvuke wote ambao hewa ya joto lile ingeweza kuubeba. Na uwezo huo wa kubeba hukua upesi sana hewa inapopata joto, karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10. Chukua hewa ya alfajiri yenye nyuzi 0 na unyevunyevu wa asilimia 80. Ipashe hadi nyuzi 20 bila kuiongezea wala kuipunguzia tone la maji, na kipimo kinashuka hadi asilimia 21. Maji ni yale yale. Kiu ya hewa ndiyo iliyokua. Kwa hiyo afadhali mwandishi wa Kiswahili aandike "unyevunyevu linganishi" angalau mara ya kwanza, na aeleze kwamba namba ikishuka hewa inazidi kunyonya maji kutoka kwenye majani. Ofisi za Idara hutofautiana katika vigezo vyao, lakini namba zinazotumika mara nyingi kwenye nyanda hizo ni unyevunyevu wa asilimia 20 au 25 kwenda chini, pamoja na upepo wa takribani kilomita 40 kwa saa.

Upepo huo una chanzo chake. Mwezi Machi na Aprili baridi ya Canada bado ina nguvu wakati kusini kumeshapata joto, na tofauti hiyo ndiyo inayosukuma mifumo mikali ya mgandamizo mdogo kukatiza nyanda. Upande wa magharibi kuna milima ya Rocky. Hewa inayoporomoka kutoka huko hupata joto karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 inazoshuka, na inafika chini ikiwa kavu. Upepo huo huitwa chinook. Mjini Spearfish, South Dakota, tarehe 22 Januari 1943, uliinua joto kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 7 juu yake kwa dakika mbili. Sijui rekodi nyingine ya hali ya hewa inayonistaajabisha kama hiyo.

Kinachowatisha zaidi wazimamoto ni upepo kugeuka. Moto unaosukumwa na upepo wa kusini hujinyoosha kuelekea kaskazini, mwembamba na mrefu, wenye kichwa kidogo na mbavu ndefu. Ukanda wa hewa baridi ukipita, upepo unahamia kaskazini-magharibi, na ubavu mzima wa mashariki unageuka kuwa kichwa. Aliyedhani yuko salama pembeni anajikuta mbele ya moto.

Tarehe 29 Machi 2021 moto uliopewa jina la Schroeder ulizuka karibu na Rapid City, South Dakota, siku yenye dharuba za upepo zilizozidi kilomita 110 kwa saa. Ekari zaidi ya 2,000 ziliungua na wakazi wa nyumba zaidi ya 400 walihamishwa, huku moto mwingine wa siku hiyo ukisababisha eneo la kumbukumbu la Mount Rushmore kufungwa. Siku tatu baadaye wakazi wa mji mdogo wa Medora, North Dakota, nao waliondolewa kwa sababu ya moto wa huko.

Hali ya hewa haikuwasha mioto hiyo. Machipuko kwenye nyanda hizo, mwashaji kwa kawaida ni binadamu na vitu vyake: waya wa umeme uliokatika, mnyororo wa tela unaoburuzwa kwenye lami, mkulima anayechoma mabua. Kazi ya hewa ni kuchochea, kama mpishi anayezisogeza kuni ndani ya mafiga ili ndimi zipande. Ndiyo maana napendekeza "hali ya hewa ya kuchochea moto". Ni ndefu kidogo, lakini joto limeondoka katika maana na kitendo kimeingia. Wataalamu wa misitu Tanzania wametupatia pia "moto kichaa" kwa moto uliowashinda watu, neno linalofaa kabisa. Mlima Kilimanjaro ulipoungua Oktoba 2020, moto ulienea katika mwinuko ambako mpandaji huvaa sweta. Ukavu na upepo ndivyo vilivyoubeba.

Kuhusu ngazi za onyo, hatuna haja ya kubuni. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imeshawazoesha watu angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Taarifa ya Marekani inayotolewa mapema, kabla hatari haijakaribia, iitwe angalizo. Ile ya hatari iliyokaribia, wanayoiita ya bendera nyekundu, iitwe tahadhari ya bendera nyekundu. Picha ya bendera inaeleweka: lori lililobeba nondo ndefu huning'inizwa kitambaa chekundu nyuma. Lakini bendera haisemi hatari ni ipi, hivyo kichwa cha taarifa kiongeze "hatari ya moto kichaa", na mstari wa kwanza useme: usichome chochote nje, usitupe kipisi cha sigara, usiegeshe gari juu ya nyasi kavu.

Na mfasiri aangalie saa. Tahadhari hizi mara nyingi huanza adhuhuri na kuishia jioni, wakati unyevunyevu umefika chini kabisa na upepo umepanda. Akiandika "12:00 hadi 8:00" kama zilivyo, wengi wa Afrika Mashariki watasoma saa kumi na mbili na saa nane. Aandike saa sita mchana hadi saa mbili usiku, kwa maneno.