Vita vya Kagera Uani kwa Bibi

Ndugu msomaji, kama ulipita sekondari kama mimi, Vita vya Kagera unavijua kwa tarehe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Ziwa Magharibi, mkoa ambao leo tunauita Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera imekuwa ya Uganda. Siku ya pili yake Mwalimu Nyerere akasema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Februari 1979 ikatekwa Masaka, Aprili 11 ikaanguka Kampala, na mapema Juni mapigano yakakoma. Ukiyaandika hayo kwenye mtihani unapata maksi zako, unakwenda zako nyumbani.

Mimi niliyaandika na maksi nikapata. Hesabu ndiyo iliyoniangusha, lakini hayo tuyaache. Ninachotaka kukusimulia leo ni kile ambacho sikukiandika kwa sababu sikukijua, na kumbe mwenye kukijua alikuwa analala chumba cha pili kutoka changu. Wahenga hawakukosea: penye miti hapana wajenzi.

Ilianza Disemba 2017. Usiku wa tarehe 7 kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa Kongo. Kambi gani, hatukujua. Dada alikaa sebuleni na simu mkononi, hali, haogi, hasemi. Wanawe wadogo wakawa wanatembea kwa ncha za vidole kama wezi. Siku ya pili jioni Bibi akatoka na beseni la unga wa mchele, akawasha jiko la mkaa uani, akamwita dada: "Njoo ukoroge."

Dada alifoka. "Bibi, huu ni wakati wa vitumbua kweli?"

Bibi hakuinua hata kichwa. "Ndio wakati wake."

Nilimchukia Bibi jioni ile, nakiri. Nilimwona mzee aliyepoteza huruma. Lakini watoto walisogea, wakala, mmoja akacheka kwa sababu kitumbua kilimuunguza ulimi, na dada akajikuta amemshika mwiko Bibi. Shemeji akapiga simu siku ya tatu. Alikuwa kambi nyingine. Wiki chache baadaye nikamfuata Bibi na daftari. Nilikuwa natafuta riwaya ya vita, nikajua Babu alipigana Uganda. Nikamuuliza: "Bibi, vita vilikuwaje?"

"Mume wangu," akanijibu, maana ndivyo anavyonitania mimi mjukuu wake, "vita sikuviona. Mimi nilikuwa Magomeni."

Nilikaribia kufunga daftari. Ningelifunga, makala hii usingeisoma.

Mwaka 1978 Bibi alikuwa na miaka 23 na mtoto mmoja wa miaka minne, ambaye ndiye mama yangu. Walipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, ua nyuma. Babu alikuwa askari wa JWTZ. Jioni moja ya Novemba alikuja mbio, akakaa kiasi cha kunywa kikombe kimoja cha chai, akaondoka. Hakusema anakwenda wapi, na Bibi hakuuliza, maana nchi nzima ilikuwa inajua. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kubeba askari, wananchi wakachanga ng'ombe, mazao na fedha, na jeshi likapanuliwa kwa mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza mpaka likapita watu laki moja. Hebu fikiri, ndugu yangu. Hiyo laki moja inaandikwa vitabuni kama hesabu ya bunduki. Lakini kila mmoja wao aliacha mlango nyuma yake, na nyuma ya mlango alikuwapo mtu aliyebaki na kapu na foleni ya dukani.

Foleni yenyewe haikuwa mchezo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka mmoja nyuma, mpaka wa Kenya umefungwa, bidhaa zimeanza kuadimika, na vita vikaja juu yake. Bibi anasimulia kuamka alfajiri na kuweka jiwe kwenye mstari ili limshikie nafasi, arudi kumwogesha mtoto, kisha akimbilie jiwe lake. Sabuni ikikosekana walifua kwa majani ya mpapai. Hayo nilitegemea kuyasikia. Nilichokuwa sikutegemea ni kwamba kila alipoanza kunieleza shida, sauti yake ilipita upesi, na alipofika kwenye raha zao ndogo ndogo akawa hataki kumaliza.

Raha ya kwanza ilikuwa redio. Televisheni Bara haikuwapo, wala isingekuwapo mpaka mwaka 1994. Babu aliacha redio ya betri, na betri zilikuwa dhahabu. Kwa hiyo nyumba nzima ilikubaliana: redio inafunguliwa saa mbili usiku, Radio Tanzania inasikilizwa taarifa ya habari, halafu nyimbo mbili. Mbili tu, si tatu. Watu walitandika mikeka ukumbini, wenye watoto na wasio na watoto. Taarifa ilisikilizwa kimya kabisa. Nyimbo zikianza, anasema Bibi, hata Mama Mwenye Nyumba, mjane wa makamo aliyekuwa mkali kama pilipili, alikuwa anatikisa bega. Betri zikichoka zilianikwa juani asubuhi, zikapata nguvu ya wimbo mmoja zaidi. "Ule wa betri za juani ndio ulikuwa mtamu kuliko yote," anasema, "kwa sababu hujui kama utafika mwisho."

Raha ya pili ilikuwa Ijumaa. Hakuna chumba kilichokuwa na vitumbua kamili. Mmoja alikuwa na kikombe cha mchele, mwingine nazi, mwingine sukari ya kufunga kwenye pindo la khanga, mwingine mafuta ya kulamba tu chini ya chupa. Peke yako ulikuwa maskini. Mkikutana uani mnakuwa karamu. Walitwanga, wakakoroga, wakaacha uumuke, na wakati wa kusubiri wakasukana nywele na kusutana kwa mafumbo. Katika vyumba sita, wake wa waliokwenda vitani walikuwa wawili: Bibi, na mwenzake wa chumba cha nne, ambaye mumewe alikuwa mgambo. Hao wawili walipewa kitumbua cha kwanza kutoka kikaangoni. Hakuna aliyelitangaza jambo hilo kuwa sheria. Lilikuwa tu.

Raha ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Mama yangu, akiwa mtoto, aliuliza kila siku baba yuko wapi. Bibi akamwambia kweli: baba yuko ng'ambo ya mto. Na kweli, vita vilikuwa vya mto, adui amekaa ng'ambo ya Kagera na daraja la Kyaka limevunjwa. Lakini mtoto wa Dar es Salaam ng'ambo anaijua moja tu. Akaamini baba yake yuko Kigamboni.

Bibi hakumsahihisha. Jumapili alimvalisha gauni lake la Idi, wakatembea kutoka Magomeni mpaka Feri, nusu ya njia mtoto yuko mgongoni, wakapanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Nauli ilikuwa kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yao, pikiniki yao, sinema yao. Mtoto alisimama kwenye chuma cha ukingoni akaipungia mkono minazi ya upande ule. Wakirudi nyumbani alilala fofofo, na usiku ule hakuuliza. Mama mwenyewe ananiambia bado anaikumbuka harufu ya dizeli ya pantoni kama harufu ya baba.

Basi wifi yake mkubwa akashuka kutoka Korogwe kuja kumjulia hali. Akakuta nywele zimesukwa, uani wanacheka, na Jumapili wanajiandaa kwenda Feri. Akamsema mbele ya nyumba nzima: "Kaka yangu yuko kwenye risasi, wewe wifi uko kwenye pantoni!"

Nilimuuliza Bibi alijibu nini. Anasema siku ile hakujibu, alimheshimu wifi yake, akampikia. Usiku ndipo akamwambia kwa upole: "Wifi, nikilia kutwa, kaka yako akirudi atamkuta nani?"

Hapo ndipo nilipomwelewa, na nikamwelewa na yule wa Disemba 2017 mwenye beseni la unga. Mimi nilidhani raha ni kusahau. Kwao ilikuwa lindo. Babu alikuwa na lindo lake mpakani, na Bibi alikuwa na lake: kuhakikisha kwamba ile nyumba ambayo mtu anaipigania bado ni nyumba, yenye mtoto anayecheka na mke ambaye hajawa kivuli.

Lakini nisikudanganye, msomaji, kwamba vitumbua vinashinda risasi. Machi 1979, mwezi wa mapigano makali ya Lukaya kwenye njia ya Kampala, gari la jeshi lilisimama mbele ya nyumba ile. Wakashuka watu wawili. Bibi anasema wale wake wawili walisimama pamoja ukumbini, wamekamatana mikono, na hakuna aliyejua ni yupi anayetafutwa. Waliuliza chumba cha nne. "Mungu anisamehe," Bibi akaniambia, na miaka yote hiyo imepita, "kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa afueni." Nilinyamaza. Nikaandika neno hilo moja, afueni, nikalifunga daftari kwa siku ile.

Aprili 11 ilikuwa Jumatano. Habari za Kampala zilipotangazwa, mitaa ililipuka kwa vigelegele, watu wakatoka na sufuria na madebe. Katika nyumba ile redio ilipunguzwa sauti, mlango wa mbele ukarudishwa. Chumba cha nne palikuwa na msiba, na chumba cha Bibi hapakuwa na barua tangu Februari. Ushindi wa taifa ulipita barabarani nje ya dirisha lao kama harusi ya watu wengine. Ijumaa ile hawakupika. Wala iliyofuata.

Arobaini ilipopita, Ijumaa moja alasiri, mjane wa chumba cha nne alitoka uani na kikombe cha mchele. Hakusema neno. Akakiweka karibu na kinu, akakaa. Mama Mwenye Nyumba akaingia ndani akatoka na chupa ya mafuta iliyojaa nusu, ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. Kitumbua cha kwanza walimpa yeye, kama zamani. Mumewe amezikwa Kaboya, wilayani Muleba, pamoja na mashujaa wengine wa vita ile.

Babu alirudi Agosti 1979. Wenzake wengine walibaki Uganda, na wa mwisho hawakuondoka mpaka mwaka 1981. Alisimama mlangoni, amekonda, na mama yangu akamtazama kwa muda mrefu, halafu akamuuliza: "Umekuja na pantoni?" Babu alimwangalia mkewe, mkewe akamkonyeza. "Ndiyo," akasema, "nimekuja na pantoni." Miezi ya mwanzo alilala sakafuni, hakutaka godoro, na mlango ukigongwa ghafla alikuwa ameshasimama. Habari za vita hakusimulia mpaka alipofariki mwaka 2011. Ila Jumapili, bila kuulizwa, alikuwa wa kwanza kuvaa viatu vya kwenda Feri.

Mwalimu alikuwa ametuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Kila aliyeishi miaka ile anajua kwamba mikanda haikulegezwa miezi hiyo ilipokwisha; mwanzoni mwa miaka ya 1980 foleni zilirefuka zaidi, na Ijumaa nyingine vitumbua vilipikwa bila sukari. Gharama ya vita huandikwa kwa mamilioni ya dola. Sipingi. Naomba tu na ile nusu chupa ya mafuta iingizwe kwenye hesabu.

Sasa neno kwako, kijana mwenzangu unayeshika kalamu kijiweni na kuota riwaya kubwa. Sote tunataka kuandika vita, na vita tunavifikiria kwa mlio. Nenda kamuulize bibi yako, au shangazi, au jirani aliyewahi kumsubiri askari, awe wa Kagera, wa Darfur au wa Kongo. Usimuulize vita vilikuwaje, atakwambia hakuviona. Muulize Ijumaa walikula nini. Muulize Jumapili walimpeleka wapi mtoto.

Ila fanya haraka. Mama Mwenye Nyumba hayupo tena, mjane wa chumba cha nne hayupo, na nyumba yenyewe imevunjwa. Bibi yupo. Jana nilimsomea makala hii mpaka mwisho. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema nimesahau kuandika iliki.