Mmomonyoko bonde la Ngono: Setilaiti huona nini?
Mto Ngono, unaopita Muleba na Bukoba hadi Mto Kagera, hubeba udongo kuelekea Ziwa Victoria. Ili kuchora ramani ya hatari ya mmomonyoko, wataalamu huzidisha vigezo vitano: nguvu ya mvua, aina ya udongo, mteremko, uoto na hatua za kuhifadhi ardhi. Mteremko hupatikana katika vipimo vya chombo cha anga cha Marekani vya Februari 2000. Uoto katika picha za Landsat, zinazotolewa bure tangu 2008. Rweya iliyochomwa moto huonekana wazi. Kibanja ndicho kigumu: setilaiti huona majani ya migomba, si matandazo yaliyo chini yake, ambayo ndiyo hasa huzuia maji. Bila ukaguzi shambani, kibanja kilichotunzwa na kilichotelekezwa huweza kupakwa rangi moja.