Kigego: Historia ya Meno Mawili ya Juu

Katika lugha yetu limo neno moja ambalo vijana wa leo hulisikia kwa nadra, na wengine wakilisikia hudhani ni tusi tu la kumtupia mtu mwenye mkosi. Neno hilo ni kigego. Kamusi zatuambia kwamba kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya meno ya chini, na kwamba alihesabiwa kuwa mleta balaa. Maelezo hayo ni mafupi, na ufupi wake wafunika jambo kubwa. Zamani, katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, mtoto wa namna hiyo aliweza kuuawa, au kutolewa kwa wageni, au kuuzwa, kwa sababu ya zamu ya meno mawili. Nakusudia kuyatazama meno yenyewe kwanza, kisha ushahidi ulioachwa na wasafiri wa karne ya 19, maana asiyejua jinsi jino linavyoota hawezi kuupima uzito wa hukumu ile.

Uso wa mtoto huumbwa mapema sana, baina ya wiki ya nne na ya nane ya mimba. Taya la chini hutokana na vinundu viwili vya nyama vinavyotoka kushoto na kulia vikakutana kidevuni. Taya la juu nalo lina pande zake mbili, lakini sehemu yake ya katikati ina asili nyingine: hiyo hushuka kutoka upande wa paji la uso, ikapita baina ya matundu ya pua, ikaungana na pande zile mbili. Muungano huo usipotimia, mtoto huzaliwa na mdomo uliopasuka. Sehemu hiyo iliyoshuka ndiyo hubeba meno manne ya mbele ya juu, mawili ya katikati na mawili ya kando yake. Kwa hiyo meno ya mbele ya juu na ya chini, ingawa hukutana kila siku katika kuuma, hayakutoka shina moja.

Mpaka wiki ya nane ya mimba matumba ya meno ya utoto yamekwisha kuanza kuonekana katika ufizi. Kiasi cha wiki ya 14 meno ya katikati huanza kuwa magumu. Hapa pana jambo la kustaajabisha, ambalo wazee waliomhukumu kigego hawakuwa na njia ya kulijua. Siku ya kuzaliwa, gamba gumu la nje la jino la katikati la juu limekwisha kufanyika kiasi cha sehemu tano katika sita. La jino la chini limefika sehemu tatu katika tano tu. Gamba la jino la juu hukamilika mtoto akiwa na umri wa mwezi mmoja na nusu hivi, na la chini hungoja mpaka miezi miwili na nusu. Basi ndani ya ufizi, mahali pasipoonwa na mtu, jino la juu ndilo hutangulia. Kila mtoto ni kigego kabla ya kuota jino!

Lakini kuumbwa ni jambo moja na kutokeza ni jambo lingine. Jino halitokezi kwa kuwa limekamilika. Hulazimika kungoja mfupa ulio mbele yake uyeyuke kidogo kidogo na ufizi ufunguke. Aghalabu meno mawili ya chini hutokeza mtoto akiwa na umri wa miezi sita hata kumi, na mawili ya juu akiwa na miezi minane hata kumi na miwili. Msomaji ataona kwamba muda huo umepandana. Mtoto ambaye meno yake ya chini huchelewa hata mwezi wa kumi, na ya juu yakawahi katika mwezi wa nane, hakuvunja kanuni yoyote ya mwili. Yuko ndani ya mipaka ile ile ya mwenziwe aliyeanza kwa meno ya chini, naye hana ugonjwa wala kilema.

Mwezi wa Juni 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani kwenda bara kutafuta maziwa makuu. Uzaramo ilikuwa nchi ya kwanza waliyoipita, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 Burton aliandika kwamba huko mtoto aliyetanguliza meno mawili ya juu aliuawa, au alitolewa, au aliuzwa kwa wafanya biashara ya watumwa, kwa kuwa alidhaniwa kuleta maradhi, msiba na mauti nyumbani. Neno lenyewe ameliandika kigogo, kosa ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua na pengine kulicheka. Akaongeza kwamba Waswahili na Waarabu wa Unguja walikuwa na hofu hiyo hiyo: Waswahili, kwa maneno yake, walimwua mtoto, Waarabu walisoma hitima, kisha wakamwapisha mtoto kwamba hatawadhuru watu wa nyumbani. Naye akiwa hajaweza kusema, aliapishwa kwa kuinamisha kichwa.

Burton si shahidi wa kupokewa bila kuchujwa. Alikuwa mwepesi wa kuwadharau watu aliowaandika, na kuwasema Waswahili wote kana kwamba ni watu wa nyumba moja ni kupita kiasi. Hata hivyo kiini cha habari yake chatiwa nguvu na shahidi wa pili, aliyeandika mbali na Uzaramo. David Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, alitaja kwamba kwa kabila la Bakaa, kusini mwa Afrika, mtoto aliyetanguliza meno ya mbele ya juu aliuawa daima. Aliliweka jambo hilo pamoja na mengine mawili: katika makabila mengine mmoja wa mapacha aliweza kupatwa na mauti, na ng'ombe aliyelala zizini akapigapiga mkia chini aliuawa pia, kwa kuwa alidhaniwa kuita mauti yaje. Ushirika huo wa mambo matatu wafundisha kitu. Jino, pacha na mkia hazina uhusiano kwa umbo. Uhusiano wake ni kwamba kila kimoja kilionekana kutoka katika zamu au hesabu iliyozoewa, na kilichotoka katika zamu kilisomwa kuwa ni mjumbe.

Miaka kumi baadaye Livingstone alifika kwa Kazembe, karibu na ziwa Mweru. Katika shajara zake, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake, aliyakuta mambo yale yale, na zaidi: mtoto aliyegeuka upande mmoja hata wa pili usingizini naye aliuawa. Wabemba wa nchi za huko wana neno lao, chinkula, kwa mtoto wa meno ya juu. Watu walisema juu ya watoto kama hao kwamba ni watoto wa Waarabu, na Mwarabu akiwapo karibu walimpa, maana akibaki angeleta bahati mbaya na hatia kwa jamaa. Sababu aliyoitoa Livingstone ni kuwa Waarabu hawakuwa na hofu za namna hiyo.

Hapa mashahidi wetu wawili wagongana. Mmoja asema Waarabu waliogopa hata wakasoma hitima. Wa pili asema hawakuogopa kabisa. Kwa maoni yangu wote wawili waweza kuwa wamesema kweli, kila mmoja mahali pake. Mtoto wa Unguja aliyeapishwa alikuwa wa nyumba ile, na balaa lake lingewaangukia jamaa zake. Mtoto aliyetolewa kwa Kazembe alikuwa wa ukoo mwingine, na yule aliyempokea hakuwa na cha kuogopa. Balaa la kigego lilikuwa la ukoo. Likivuka mpaka wa ukoo lilikwisha nguvu. Ndiyo maana kumtoa kulitosha badala ya kumwua, na nafikiri mama wengi walishika njia hiyo kwa kuwa ndiyo pekee iliyombakiza mtoto hai.

Uhai huo ulikuwa na bei yake. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873, na katika miaka ya Burton na Livingstone misafara ilipita kote. Mtoto wa miezi tisa hawezi kutembea wala kubeba mzigo, na mnunuzi hangempa thamani kubwa. Basi kuuzwa kwake hakukuwa faida kwa wazazi bali kufukuzwa. Akikua, alikua bila ukoo. Wanahistoria wa utumwa huzungumza juu ya vita, njaa na madeni, nao wana haki. Lakini mlango huu mdogo wa kinywani haufai kusahauliwa.

Si Afrika peke yake iliyosoma mambo makubwa katika ufizi wa mtoto. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alizaliwa mwaka 1638 akiwa na meno mawili, na watu wakaona ni dalili ya mambo makuu. Hata kwetu meno hayo hayo ya juu, mtu akikua nayo yakiwa na nafasi katikati, huitwa mwanya na kusifiwa kuwa ni uzuri.

Livingstone ametaja pia kisa kimoja cha Wakololo wa mto Zambezi. Mtumishi wa mmoja wa wake za mfalme Sekeletu alikuwa na mtoto aliyetanguliza meno ya juu. Mke huyo alikataa mtoto asiuawe, na Livingstone akaandika kwamba ni wachache ambao wangethubutu kupinga maoni ya watu wote kama alivyofanya yeye. Hakuandika jina la mwanamke huyo, wala la mtumishi, wala la mtoto.